Jiwe la matumbawe (nguvu na uimara)
Jiwe la matumbawe ni jiwe la chokaa linalotokana na mabaki ya miamba ya baharini, nalo ndilo lililojenga miji mikongwe ya pwani ya Afrika Mashariki, kama Lamu, Gede, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Kilwa Kisiwani. Waashi walitumia aina mbili. Lile la nchi kavu, gumu na lenye matundu mengi, lilijengewa kuta. Lile la baharini lilikatwa likiwa bichi na laini, likachongwa mihrabu, fremu za milango na zidaka, kisha likakazika lilipokauka.

Maabara hupima nguvu yake kwa kugandamiza michemraba mashineni mpaka ipasuke. Mingine hulowekwa kwanza, maana jiwe la aina hii likilowa hupungua nguvu. Mchemraba mmoja huangukia penye ganda la kombe, mwingine penye uwazi, kwa hiyo kupima kipande kimoja ni kujidanganya. Mbele ya itale, matumbawe ni dhaifu sana. Lakini ukuta wa mita 10, wa jiwe lenye tani 2 kwa mita ya ujazo, hukandamiza kitako chake kwa nyutoni 0.2 hivi tu kwa milimita ya mraba. Mzigo huo hata jiwe hafifu huubeba.

Adui ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ukutani, hukauka, na fuwele za chumvi hukua ndani ya matundu hadi jiwe limomonyoke. Kipimo cha Ulaya, EN 12370, huiga hali hiyo: kipande cha sentimita 4 hutumbukizwa katika maji ya salfati ya sodiamu, hukaushwa tanurini, na mzunguko hurudiwa mara 15 kabla ya kupima uzito uliopotea.

Lipu ya chokaa huruhusu ukuta kupumua, na ikiharibika hupigwa nyingine. Lipu ya saruji huufungia unyevu ndani. Igonge kwa kifundo cha kidole: ikilia tupu, ibandue, na jiwe lililo nyuma yake huenda likachimbika kwa ukucha. Ufa ulio chini ya dari ni jambo jingine. Mara nyingi chanzo chake ni ncha za boriti za mikoko zilizooza ndani ya ukuta baada ya paa kuvuja.