Kitui na Makueni: Jinsi ndege wa mwituni wanavyohesabiwa

SENSA ya mwaka 2019 ilipata watu 1,136,187 katika Kaunti ya Kitui na 987,653 katika Kaunti ya Makueni. Makarani walikwenda nyumba kwa nyumba, wakabisha hodi, wakauliza maswali na kuandika majibu. Ndege wa mwituni hawana mlango wa kubishwa wala mkuu wa kaya wa kuhojiwa. Wengine hujificha vichakani, wengine huruka kabla ya kuonekana, na wengine ni wageni wa miezi michache tu kutoka Ulaya na Asia.

Hata hivyo, idadi yao inahitajika. Mkulima wa mtama na mawele anataka kujua ukubwa wa kundi la kwelea lililotua karibu na shamba lake. Mhifadhi anataka kujua iwapo tai wanatoweka. Serikali nayo haiwezi kuamua kwa busara ni wapi pa kupuliza dawa, au ni kichaka kipi kiachwe kisimame, bila takwimu za kuaminika.

Msingi wa takwimu hizo ni kanuni moja: ndege walioonekana si ndege wote waliopo. Kazi ya mtaalamu ni kukadiria idadi ya wale ambao jicho halikuwafikia.

Kuchagua mahali pa kuhesabia

Hakuna anayeweza kupekua kila bonde la Kitui na kila kilima cha Makueni. Kwa hiyo huchaguliwa sampuli, yaani sehemu chache za kuwakilisha nyingine. Sehemu hizo hazipaswi kuchaguliwa kwa sababu ni rahisi kufikiwa. Anayehesabu kandokando ya barabara kuu ya Mombasa peke yake, kutoka Sultan Hamud hadi Mtito Andei, atapata ndege wanaovumilia magari na kuwakosa wanaoyakimbia.

Njia iliyo bora ni kuligawa eneo kwa kufuata mazingira yake, kisha kupiga kura ndani ya kila fungu. Milima yenye misitu kama Mbooni, Nzaui, Mutitu na Endau huwa fungu moja. Mashamba huwa fungu jingine. Nyika kavu ya kusini yenye mibuyu na migunga huwa fungu la tatu. Kila fungu hupata nafasi yake katika hesabu.

Kupima umbali

Mbinu inayotumiwa sana ni ya kutembea katika mstari ulionyooka na kuandika, kwa kila ndege, umbali wake kutoka kwenye mstari huo. Nadharia yake ilikusanywa katika kitabu cha mwaka 1993 kilichoandikwa na Stephen Buckland na wenzake. Inachukuliwa kwamba ndege aliye juu ya mstari wenyewe hakosekani. Kadiri umbali unavyozidi, ndege wanaoonekana hupungua, na kasi ya kupungua huko humwonyesha mtaalamu ni wangapi aliowakosa.

Tuseme mtafiti ametembea kilomita mbili katika kichaka na kuona ndege 32. Vipimo vya umbali vinaonyesha kwamba upana aliouhesabu kwa uhakika ni sawa na mita 40 kila upande. Eneo hilo ni hekta 16, hivyo kuna ndege wawili kwa kila hekta. Akitembea kilomita mbili nyingine katika uwanda wazi na kuona tena ndege 32, lakini upana ukiwa mita 80 kila upande, eneo ni hekta 32 na msongamano ni ndege mmoja kwa hekta. Idadi iliyoandikwa daftarini ni ile ile, ilhali kichaka kina ndege mara mbili ya uwanda.

Mahali penye miinuko mikali au miiba, mtafiti husimama kwenye kituo kimoja kwa dakika maalumu, akapima umbali wa kila ndege anayemwona au kumsikia, kisha akahamia kituo kingine.

Kurudi zaidi ya mara moja

Baadhi ya ndege ni wasiri mno. Mfano ni zogoyogo wa Hinde, ambaye jina lake la kisayansi ni Turdoides hindei. Ndege huyu hupatikana Kenya pekee, katika maeneo kama mabonde ya Machakos, Mukurweini na Kianyaga, na amepata kuonekana Kitui pia. Alipewa jina la Sidney Langford Hinde, afisa wa utawala wa kikoloni wa Uingereza. Huishi katika makundi madogo ya kifamilia, tena kwenye vichaka vilivyobaki kati ya mashamba, vikiwamo vile vya lantana, mmea wa kigeni ambao wakulima wengi huufyeka.

Mtafiti akipita shambani na asimwone, hawezi kuandika kwamba hayupo. Huenda amenyamaza tu. Kwa hiyo kila kichaka hutembelewa mara kadhaa, na matokeo ya ziara zote hulinganishwa. Mbinu hii, ambayo Darryl MacKenzie na wenzake waliieleza kihisabati mwaka 2002, hutenganisha maswali mawili: je, ndege yupo? Na kama yupo, kuna uwezekano gani wa kumwona?

Ikiwa uwezekano wa kumwona katika ziara moja ni nusu, ziara moja itakosa nusu ya vichaka anamoishi. Ziara tatu zitakosa kimoja tu katika kila vinane. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa kichaka kilichoandikwa kimakosa kuwa hakina zogoyogo kinaweza kufyekwa bila yeyote kushtuka.

Pete mguuni

Mbinu nyingine ni kunasa ndege kwa nyavu laini, kumvisha pete yenye nambari mguuni na kumwachilia. Mdenmark C. G. J. Petersen aliitumia hesabu yake kwa samaki mwaka 1896, naye Mmarekani Frederick Lincoln akaitumia kwa mabata mwaka 1930. Ikiwa ndege 60 wamevishwa pete, na baadaye wakanaswa 50 ambao 15 kati yao wana pete, basi makadirio ni 60 mara 50, gawanya kwa 15, yaani ndege 200.

Hesabu hiyo ina masharti. Ndege wasiwe wameingia au kutoka kwa wingi katikati ya kazi, pete zisidondoke, na kila ndege awe na nafasi sawa ya kunaswa. Kwa ndege wahamaji masharti hayo hayatimii.

Mfano mzuri uko ng'ambo tu ya mpaka wa Makueni, katika hoteli ya Ngulia ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969, wataalamu na wanafunzi wamekuwa wakivisha pete wahamaji wanaovutwa na taa za hoteli katika usiku wa ukungu, hasa Novemba na Desemba. Wanaopatikana tena ni wachache mno, hivyo pete za Ngulia hazisemi kuna wahamaji wangapi duniani. Zinachofichua ni njia wanazopitia, majira yao, na uwiano wa makinda na wakubwa mwaka hadi mwaka.

Hesabu ya barabarani

Kwa ndege wakubwa wawindaji kama tai, mwewe na kozi, watafiti huendesha gari polepole na kuandika ni wangapi wanaokutana nao kwa kila kilomita 100. Hiki ni kipimo cha mwelekeo. Hakitoi jumla ya ndege wote, lakini kikirudiwa kwa utaratibu uleule huonyesha kama wanaongezeka au wanapungua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukiongozwa na Darcy Ogada, ulilinganisha safari za namna hiyo nchini Kenya za mwaka 1970 hadi 1977 na zile za mwaka 2003 hadi 2020. Kati ya spishi 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua, na kwa hizo kiwango cha kati cha kupungua kilikuwa takriban asilimia 70. Hali ilikuwa mbaya zaidi nje ya maeneo ya hifadhi. Bila daftari za miaka ya 1970, upotevu huo usingejulikana.

Kwelea na shamba la mkulima

Kwelea ndiye ndege ambaye hesabu yake humgusa mkulima wa nyanda kavu moja kwa moja. Kwelea mmoja hukadiriwa kula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja, basi, linaweza kumaliza tani 10 kila siku.

Penye viota, wataalamu hupima ukubwa wa koloni, huhesabu viota katika viunga vichache vilivyochaguliwa kwa kura, kisha huzidisha. Penye malalo, huhesabu makundi yanayoingia jioni au hutumia picha. Kosa dogo katika kiunga kimoja hukua likizidishwa kwa eneo zima.

Januari 2023, katika mashamba ya mpunga ya Kisumu, ilitajwa idadi ya hadi kwelea milioni sita, na dawa ya fenthioni ikapulizwa. Sumu hiyo haichagui: tai na mwewe wanaokula kwelea waliolegea au kufa hudhurika pia. Makadirio yakiwa makubwa kupita kiasi, sumu humwagwa bila sababu. Yakiwa madogo, mkulima huachwa na mabua matupu.

Makadirio na mipaka yake

Kwa sababu hiyo, takwimu nzuri haitolewi peke yake. Mtaalamu hasemi tu kwamba kuna ndege 600. Husema ni 600, na kwamba huenda idadi halisi iko kati ya 450 na 800. Sampuli zikiongezwa, pengo hilo hupungua. Ripoti isiyotaja mipaka yake inastahili kusomwa kwa tahadhari.

Wananchi pia wana nafasi. Mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na watu wa kujitolea huandika spishi wanazozipata katika kila mraba kwa muda usiopungua saa mbili. Anayeishi Mutomo, Ikutha au Kibwezi anaweza kujaza mraba ambao mtafiti kutoka Nairobi huufikia kwa nadra.

La muhimu ni kuandika kwa uaminifu: tarehe, mahali, muda uliotumika, na spishi zote zilizotambuliwa, hata zile za kawaida. Siku ambayo ndege fulani hakuonekana nayo ni sehemu ya takwimu, mradi tu ijulikane kwamba kuna mtu aliyemtafuta.