Kwaya ya Kanisa Dogo na Malezi ya Uraia

Historia ya siasa za Afrika Mashariki na Kusini huandikwa kupitia vyama, katiba na viongozi. Kwaya haitajwi, ilhali wimbo wa taifa la Tanzania ulizaliwa katika mazingira ya kanisa. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga utenzi wa kuiombea Afrika. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa mjini Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama tunachokifahamu leo kwa jina la ANC. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, tuni hiyo ilivikwa maneno ya Kiswahili na kuwa wimbo wetu.

Mwalimu wa shule ya kawaida aliwezaje kutunga muziki wa sauti nne? Jibu limo katika nota za sol-fa. Msingi wake uliwekwa na mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza. Kuanzia mwaka 1841, mchungaji John Curwen aliuendeleza kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipia masomo ya muziki. Badala ya mistari mitano na alama zake, sauti huandikwa kwa herufi za kawaida, nazo huweza kuchapwa na mtambo wowote wa chapa au kuandikwa kwa chaki ubaoni. Piano haihitajiki. Wamisionari walipoeneza nota hizo Afrika, kanisa dogo la udongo liliweza kuimba soprano, alto, tenor na besi sawasawa na kanisa kuu la mjini.

Zawadi hiyo ilikuja na gharama yake. Katika misheni nyingi ngoma zilipigwa marufuku. Lugha nayo iliumia: mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni nyingi za Ulaya humaliza mstari kwa pigo zito. Mwimbaji akalazimika kutamka lugha yake kama mgeni. Ndiyo maana mwaka 1963 padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Upande wa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya tuni za asili, na mwaka 1968 zikatoka katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu.

Hata hivyo, nota na tuni ni sehemu tu ya habari. Kwaya ya kanisa dogo huwa na mwenyekiti, katibu na mhazini wa kuchaguliwa. Wanakwaya huchangia sare, huzika pamoja, huozana, hubishana kuhusu fedha na kusomeana mapato na matumizi. Mkulima husimama bega kwa bega na karani, na mwenye sauti kubwa hufundishwa kuipunguza ili wenzake wasikike. Wengi walijifunza kuongoza kikao na kutunza hesabu mahali hapo kabla ya kukanyaga ofisi yoyote ya umma.

Leo urithi huo unapungua. Kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha kupangwa, spika kubwa na waimbaji wachache wenye vipaza sauti vimechukua nafasi ya wengi, na waumini wamekuwa watazamaji. Sipingi vyombo, sol-fa yenyewe ilikuwa teknolojia ngeni. Kipimo ni kimoja: je, chombo kinaongeza idadi ya wanaoshiriki, au kinaipunguza? Swali hilo linaihusu pia mikutano yetu ya vijiji na mabaraza ya wafanyakazi, ambako mara nyingi wachache huzungumza na wengi hupiga makofi. Makanisa madogo ambayo bado yanafundisha sauti nne ubaoni yanastahili kutembelewa na wanafunzi wa siasa, daftari mkononi.