Kuacha Wanga: Historia ya Mlo wa Ketojeniki na Hesabu ya Mizani

Mlo wa ketojeniki hubana wanga kiasi kwamba mwili, ukikosa sukari ya kutosha, hugeukia mafuta. Ini hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa ketoni, kemikali ambazo hata ubongo unaweza kuzitumia kama nishati. Dar es Salaam na Nairobi wengi husema tu kwamba fulani ameacha wanga: ugali, wali, chapati na mihogo vimeondoka mezani, vimebaki nyama, samaki, mayai, parachichi na mboga za majani. Unaonekana ni mtindo wa jana, lakini asili yake ina zaidi ya miaka 150, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ubishi kuhusu swali moja: mizani ikishuka, kilichotoka mwilini ni nini?

Aliyeueneza upunguzaji wa wanga kama njia ya kupunguza unene hakuwa daktari. Alikuwa mwandaaji wa mazishi wa London, William Banting, ambaye kampuni ya ukoo wake ilihudumia misiba ya kifalme. Mwaka 1862, akikaribia umri wa miaka 66, alikuwa na kilo 92 hivi kwa kimo cha sentimita 165. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Ngazi alizishuka kinyumenyume, polepole, ili kuyanusuru magoti na vifundo vya miguu. Alikuwa amejaribu kupiga makasia mtoni Thames, lakini kazi hiyo ilimzidishia njaa na uzito ukapanda. Mabafu ya mvuke nayo hayakumpunguzia zaidi ya kilo chache.

Masikio ndiyo yaliyompeleka kwa William Harvey, daktari wa masikio aliyeamini kwamba unene ndio uliokuwa ukimziba mgonjwa wake masikio. Harvey alikuwa amemsikiliza Claude Bernard mjini Paris akieleza jinsi ini linavyohusika na sukari na ugonjwa wa kisukari, akawaza kwamba vyakula vya sukari na wanga ndivyo vinavyonenepesha. Akamkataza Banting mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Asubuhi Banting alikula nyama ya ng'ombe, figo au samaki wa kuchoma, pamoja na chai isiyo na maziwa wala sukari. Mchana alirudia nyama au samaki na mboga, na mvinyo ulibaki. Kipande kidogo cha mkate mkavu uliookwa kiliruhusiwa pia, kwa hiyo mlo huo haukuwa wa ketojeniki kamili. Baada ya mwaka mmoja alikuwa amepungua kilo 21 hivi.

Mwaka 1863 alichapisha kijitabu kwa gharama yake mwenyewe, akakigawa bure. Kilienea haraka, na jina lake likageuka kitenzi. Kwa Kiingereza kitenzi hicho kimekwisha kusahaulika, lakini Waswidi hadi leo wakitaka kusema mtu anajinyima chakula ili apungue, husema *banta*. Banting aliishi hadi mwaka 1878, akafa akiwa na miaka 81.

Jina la ketojeniki lenyewe lilizaliwa kwingine kabisa, katika tiba ya kifafa. Ilijulikana tangu zamani kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula, degedege hupungua. Tatizo ni dhahiri: mtoto hawezi kufunga daima. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula kitakachouhadaa mwili uone kama umefunga, huku ukiendelea kulishwa. Mwenzake Mynie Peterman aliweka vipimo mwaka 1925: gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, wanga gramu 10 hadi 15 kwa siku, na nishati yote iliyobaki itoke kwenye mafuta. Ndizi mbivu moja ya wastani ina wanga unaozidi kiwango hicho cha siku nzima. Kila kijiko cha malai, kila kipande cha siagi na kila yai vilipimwa kwa gramu, na mzazi aliyekosea kidogo jikoni aliweza kuirudisha degedege.

Uwezo wa dawa ya fenitoini kuzuia degedege ulipogunduliwa mwaka 1938, wengi waliuacha mlo huo mgumu. Ulirudi kusikika katika miaka ya 1990, baada ya mtengenezaji filamu Jim Abrahams kumpeleka mwanawe katika hospitali ya Johns Hopkins, mtoto akapona degedege ambazo dawa zilikuwa zimeshindwa. Mwaka 2008 utafiti wa London ulithibitisha yale ambayo wazazi walikuwa wameyaona: asilimia 38 ya watoto waliopewa mlo huo walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu, ilhali katika kundi la kulinganishia waliofikia hapo walikuwa asilimia 6.

Katika wodi za kifafa lipo jambo ambalo watafutaji wa wembamba hawakulitilia maanani. Watoto wale walikuwa na ketoni tele katika damu, na bado, wakipewa nishati ya kutosha, hawakukonda. Ketoni zinaonyesha kwamba mafuta yanachomwa. Hazisemi kama ni mafuta ya tumboni au ni siagi iliyoliwa asubuhi.

Robert Atkins, daktari wa moyo wa New York, alidai kinyume cha hayo. Kitabu chake cha mwaka 1972 kiliuzwa kwa mamilioni. Aliwahimiza wasomaji kupima ketoni kwa vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, na akaeleza rangi ikigeuka zambarau kuwa ishara ya ushindi. Chama cha Madaktari cha Marekani kilimkosoa vikali mwaka uliofuata, lakini wafuasi walikuwa na hoja isiyopingika machoni pao: ndani ya wiki moja mizani ilikuwa imeshuka kilo mbili au tatu.

Kushuka huko kulikuwa kweli. Mwaka 1956 madaktari Kekwick na Pawan wa London walikuwa tayari wameripoti kwamba, kwa kalori zile zile, wagonjwa waliokula mafuta walipungua haraka kuliko waliokula wanga. Jibu kamili lilipatikana New York mwaka 1976, pale watafiti Yang na Van Itallie walipowapa watu wanene sita kalori 800 kwa siku, mara kwa mlo wa ketojeniki, mara kwa mlo mchanganyiko. Kwenye ketojeniki walipoteza gramu 467 kwa siku, kwenye mchanganyiko gramu 278. Walipopima kilichotoka, tofauti ilikuwa maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na gramu tatu hivi za maji. Wanga ukikatwa, akiba hiyo huisha, insulini hushuka, figo huachia chumvi, na maji hufuata chumvi. Mtu akirudia wali, maji hurudi, naye hulia kwamba amenenepa tena kwa siku mbili. Wengi wamekata tamaa kwa sababu hiyo, na wangestahili kuelezwa mapema.

Hii haimaanishi kwamba mafuta hayapungui. Mwaka 2003 utafiti wa Gary Foster na wenzake ulionyesha waliofuata Atkins wakipungua zaidi kwa miezi sita kuliko waliopunguza mafuta, ila kufikia mwaka mmoja tofauti haikuwa tena ya uhakika. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia watu 609 kwa mwaka mzima na kutoa majibu mwaka 2018: waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikuhesabika. Kilichoshtua zaidi ni mtawanyiko ndani ya kila kundi, kwani wapo waliopungua kilo 30 hivi na wapo walioongezeka.

Mtafiti Kevin Hall wa Marekani alikwenda karibu zaidi. Wanaume 17 waliishi wodini wiki nane, kila tonge limepimwa. Walipohamishiwa ketojeniki, insulini ilishuka na mwili ukachoma mafuta mengi zaidi, lakini mafuta ya mwili yalipungua nusu kilo tu kwa siku 28, kiasi walichokuwa wamekipoteza katika siku 15 za mwisho za mlo wa wanga uliotangulia. Matokeo hayo ya mwaka 2016 yalifuatwa na mengine mwaka 2021: watu 20 waliruhusiwa kula mpaka washibe, wiki mbili kwa kila mlo. Uzito ulishuka katika milo yote miwili. Mafuta ya mwili yalipungua kwa kiasi cha kuhesabika katika mlo mmoja tu, nao ulikuwa ule wenye wanga mwingi na mafuta kidogo.