Kisu Kikubwa cha Kijapani: Upanga, Tumbaku na Nyama ya Ng'ombe

Kisu kikubwa cha jikoni kinachouzwa leo katika nchi nyingi kwa jina la kisu cha Kijapani, na ambacho wengi hukichagua kiwe zawadi ya mpishi au ya maharusi, husifiwa na wauzaji kuwa mrithi wa moja kwa moja wa upanga wa samurai, yaani askari wa tabaka la juu wa Japani ya zamani. Sifa hiyo ni kweli nusu tu, kwa kuwa ufundi wa kukifua na kukinoa ni wa kale, ilhali umbo lake halijafikisha karne mbili, na lilitokana na kitoweo ambacho Wajapani wengi walikuwa wamekiepuka kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku, kwa sehemu ya mwaka, ulaji wa ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, na ingawa amri hiyo haikutiiwa kila mahali, mafundisho ya Kibudha yaliipa nguvu hata samaki na mboga vikawa msingi wa upishi wa nchi hiyo. Visu vilivyokua pamoja na upishi huo vilikuwa na makali ya upande mmoja, upande wa pili ukiachwa bapa au ukibonyezwa kidogo. Miongoni mwake ni deba, kisu kinene cha kupasulia samaki, usuba, kisu cha mboga, na yanagiba, kisu kirefu chembamba cha kukatia minofu ya samaki mbichi kwa mvuto mmoja.

Mji uliojipatia sifa kubwa kwa visu hivyo ni Sakai, bandari iliyo kusini mwa Osaka. Bunduki zilipoingia Japani kupitia kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, wahunzi wa Sakai walikuwa miongoni mwa waliowahi kujifunza kuziunda, lakini kilichoujengea mji huo jina la visu ni tumbaku. Mmea huo uliletwa na Wareno katika karne ya 16, na kwa kuwa Wajapani waliuvuta ukiwa umekatwakatwa nyuzi nyembamba mno, palihitajika kisu chenye makali ya kipekee. Visu vya tumbaku vya Sakai vilipendwa hata utawala wa shogun, yaani jemadari aliyeshika hatamu za nchi kwa jina la mfalme, ukavipa muhuri wake wa ubora. Ni ajabu kidogo kwamba starehe ya kuvuta moshi ndiyo iliyowalea mafundi ambao wapishi wa leo wanawategemea.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya utawala wa shogun kuanguka mwaka 1868. Mapema mwaka 1872 ilitangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, tendo lililokusudiwa kuwaonyesha raia kuwa mwiko wa kale umekwisha, na mwaka 1876 serikali ikakataza watu kubeba panga hadharani, isipokuwa wanajeshi, polisi na maofisa katika hafla rasmi. Wafua panga wengi wakakosa wateja, wakageukia visu vya jikoni na zana za kilimo, wakati uleule ambapo migahawa ya nyama ilikuwa ikitafuta kisu cha kufaa kazi yake. Mafundi walichukua umbo la kisu cha wapishi wa Ulaya, hasa Wafaransa, lenye ncha kali, tumbo lililopinda kidogo na makali ya pande mbili, wakalitengeneza kwa feleji yao ngumu na kwa bapa jembamba zaidi. Hicho ndicho gyuto, kisu cha nyama ya ng'ombe, ambacho kwa kawaida kina urefu wa milimita 210 hadi 270. Mdogo wake, santoku, kisu kifupi chenye ncha iliyoinama, kilienea katika majumba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Historia hii inamhusu moja kwa moja anayechagua zawadi. Gyuto la milimita 240 limezoeleka kwa wapishi wa kazi, lakini hudai ubao mpana na mkono uliozoea, kwa hiyo kwa jiko dogo la nyumbani lile la 210 ni la busara zaidi. Visu vya asili vya makali ya upande mmoja hutengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na mpokeaji anayetumia kushoto huhitaji kuagiziwa chake. Feleji ya kaboni inayotoka Yasugi, mkoani Shimane, ambayo aina zake mbili huitwa karatasi nyeupe na karatasi ya buluu kutokana na rangi za karatasi zilizofungiwa, hushika makali kwa muda mrefu lakini hupata kutu isipokaushwa mara moja. Ugumu huohuo huifanya imeguke ikipigwa kwenye mfupa, hivyo atakayeitumia kuchanja mbuzi wa sikukuu atakuwa ameiharibu kabla ya pilau kuiva.

Kuhusu mwiko wa kutoa kisu, imani kwamba zawadi hiyo hukata undugu inajulikana Japani na Ulaya pia, na katika nchi kadhaa mpokeaji humrudishia mtoaji sarafu ili ionekane amekinunua. Wajapani wengine husema kisu hukata balaa na kufungua njia, na katika ukoo wa kifalme mtoto mchanga hupewa na mfalme upanga mfupi wa kumlinda.

Huko Sakai kazi ya kisu kimoja hugawanywa: mmoja hufua, mwingine hunoa, wa tatu hutia mpini, na mfanyabiashara aliyewaagiza ndiye hutia alama yake. Maduka ya huko, pamoja na yale ya Kappabashi, mtaa wa vyombo vya wapishi jijini Tokyo, huweza kumchongea mnunuzi jina la mpokeaji kwenye bapa, ilhali jina la mhunzi mara nyingi halimo kabisa.