Garimoshi Lilipofika Kinyangiri

Nina deni la zamani. Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Pili hapa Kiomboi, mwenzetu mmoja wa Kinyangiri alisema bwenini kuwa babu yake alipandia garimoshi kijijini kwao. Tulimcheka mpaka taa zikazimwa. Sote tulijua stesheni ya mwisho ni Singida mjini, ambako baadhi yetu tulishuka na masanduku yetu ya bati.

Nilipofika Chuo Kikuu nikasoma kuwa alisema kweli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Miaka ya 1930 Waingereza walitoa tawi kutoka Manyoni, likapita Singida hadi Kinyangiri, iliyokuwa Iramba kabla Wilaya ya Mkalama haijazaliwa. Walitarajia mazao na ng'ombe wajaze mabehewa. Lakini bei zilikuwa zimeanguka dunia nzima, mizigo haikutosha, na miaka ya 1940 reli zikang'olewa, chuma kikatumike kwingine. Sisi watumishi wa serikali tumeona majalada mengi yakifungwa, lakini kufunga stesheni na kuondoka na reli zake!

Tawi jipya, la kilomita 115, lilianza kujengwa 1985, likaishia Singida.

Wanafunzi mnaotoka Kinyangiri, waulizeni wazee stesheni ilisimama wapi, mkaandike. Nawe rafiki yangu, kama unasoma haya, niwie radhi. Babu yako alipanda.