Programu huria: unaweza kuchangia na bado ukapata riziki?

Programu huria ni programu ya kompyuta au simu ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Mifano ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, WordPress ya kutengenezea tovuti, na KoboToolbox, ambayo mashirika mengi ya misaada huitumia kukusanya takwimu. Huenda hata wewe umewahi kuhojiwa nyumbani kwako kwa fomu ya Kobo.

Vijana wanaojifunza kompyuta kambini na kwenye makazi huuliza: nikichangia programu hizi, nitakula nini? Jibu fupi ni kwamba mchango wenyewe mara nyingi haulipwi. Kinacholipwa ni kazi inayotokana nao.

Pesa hutoka wapi?

Mshahara wa kampuni. Sehemu kubwa ya kiini cha Linux huandikwa na watu walioajiriwa na kampuni zinazoitegemea. Kampuni ya Red Hat ilikua kwa kuuza msaada wa kiufundi kwa wateja wa programu huria, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa takriban dola bilioni 34. Waajiri wa aina hii hutazama kazi uliyokwisha kuifanya, na michango yako huonekana na kila mtu.

Mafunzo yenye malipo. Outreachy huchukua watu wasiowakilishwa vya kutosha katika teknolojia kwa miezi 3, wakifanya kazi kwa mtandao. Kwa miaka kadhaa malipo yake yamekuwa dola 7,000. Google Summer of Code ilianza mwaka 2005, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Malipo yake hutegemea nchi unayoishi na ukubwa wa kazi. Kote huko lazima uwe umetimiza miaka 18, na ushindani ni mkubwa.

Huduma karibu na nyumbani. Leseni ya programu huria haikuzuii kutoza pesa kwa kazi yako. Unaweza kumtengenezea mwenye duka au shule tovuti ya WordPress, kuweka Linux kwenye kompyuta kuukuu, au kufundisha wengine. Anayejua Kobo vizuri ana nafasi nzuri mashirika yanapotafuta wahoji.

Michango ya watumiaji. Baadhi ya miradi huchangiwa pesa na wanaoitumia, lakini wanaoishi kwa pesa hizo pekee ni wachache.

Hakikisha mambo haya kwanza

Haki ya kufanya kazi. Outreachy na Google hutaka uwe unaruhusiwa kufanya kazi katika nchi unayoishi. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki ya mkimbizi kuajiriwa. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na kibali cha kazi cha mkimbizi ni cha daraja M. Tanzania masharti ni makali zaidi. Uliza ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe kabla ya kutuma maombi.

Njia ya kupokea pesa. Jina kwenye akaunti lilingane na jina kwenye kitambulisho chako, hata herufi zake. Kosa dogo linaweza kuzuia malipo.

Kuanza ukiwa na bando dogo

Huhitaji kuwa mtandaoni muda wote. Git, chombo kinachotumika kuhifadhi msimbo, hukuwezesha kufanya kazi bila intaneti na kutuma mabadiliko baadaye. Si lazima pia uanze na msimbo. WordPress hupokea tafsiri za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea. Kuripoti hitilafu na kusahihisha maelekezo pia ni michango.

Jihadhari na matapeli

Outreachy na Google Summer of Code hazitozi ada ya maombi. Mtu akikudai "pesa ya usajili", namba ya siri ya simu au picha ya kitambulisho kupitia WhatsApp, usimpe.

Usiache biashara yako au kibarua chako kwa kutarajia malipo haya. Tenga saa chache kila wiki, chagua mradi mmoja, na uweke kumbukumbu ya kila ulichofanya. Kumbukumbu hiyo utakwenda nayo popote utakapohamia.