Kusoma kwa Kompyuta: Yaliyopatikana na Yaliyopotea katika Utafiti wa Kiswahili cha Lubumbashi

Makala haya yanahusu faida na hasara za kusoma kwa kutumia kompyuta. Mada hiyo imekwisha kuandikwa sana, na mara nyingi huandikwa kijuujuu: kwamba mashine inaharakisha kazi, kwamba inaumiza macho, kwamba vijana wanaigeuza kuwa mchezo. Hapa tunakusudia kuichunguza kwa kufuata historia ya fani moja katika mji mmoja, yaani utafiti wa Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi. Swali letu ni hili: kompyuta ilipoingia katika fani hiyo, ilitupatia nini na ilituondolea nini? (Wengine huiita tarakilishi au ngamizi, hapa kwetu watu wengi hutumia jina la Kifaransa, nasi hatutagombania jina.)

Inafaa kuanza na vyombo vilivyotangulia. Chuo Kikuu Rasmi kilifungua milango yake hapa mwaka 1956, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville. Mwanaisimu Edgar Polomé alifundisha hapo hadi mwaka 1960, na makala yake juu ya Kiswahili cha Lubumbashi yalichapishwa mwaka 1968. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na masomo ya lugha na fasihi yakaletwa Lubumbashi. Katika mazingira hayo ndipo walipofanya kazi watafiti kama Johannes Fabian, aliyefundisha hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Walter Schicho wa Vienna, ambaye mwaka 1981 alitoa pamoja na Mbayabo Ndala kitabu juu ya kundi la maigizo la Mufwankolo, na mwaka uliofuata akatoa uchambuzi wa sintaksia ya Kiswahili chetu.

Vyombo vyao vilikuwa kinasa sauti, taipureta na kadi. Msemaji alirekodiwa, kanda ikasikilizwa sentensi kwa sentensi, ikirudishwa nyuma na kusikilizwa tena, maneno yakaandikwa kwa mkono, kisha yakapigwa taipu. Aliyetaka kuchunguza jambo moja, tuseme matumizi ya neno "njo", alipaswa kusoma kurasa zote na kunakili kila mfano kwenye kadi yake. Kazi hiyo ilikula miezi. Lakini ilikuwa na tabia moja ambayo hatukuithamini mpaka ilipotoweka: mtafiti hakuweza kuifikia kadi bila kupita kwanza katika sauti ya msemaji.

Hasara ya vyombo hivyo ilikuwa kubwa vilevile, na ilikuwa yetu zaidi kuliko ya watafiti. Kanda zilipanda ndege. Mwandishi wa makala haya anakaa Luano, karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege inapoinuka huweza kuhesabu kwa kichwa ni vitabu vingapi vilivyotoka katika mji huu kwa njia hiyo vikiwa bado ni sauti. Hatumlaumu mtu, mtafiti huondoka na alichokusanya. Ila mwanafunzi wa Lubumbashi alibaki na uchambuzi wa lugha yake mwenyewe kwa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa, bila kuyaona maneno ya babu yake yaliyochambuliwa. Baada ya mauaji ya wanafunzi katika kampasi yetu mwezi Mei 1990, Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na hata uchambuzi huo ukawa adimu.

Ilikuwa ni miaka hiyo hiyo ambapo kompyuta ilikuwa ikienea katika taaluma ya Kiswahili kwingineko. Huko Helsinki, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kuunda programu ya kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa kamusi ya Kiswahili katika mtandao. Kazi hizi zilituhusu kwa mbali tu. Iliyotuhusu kwa karibu ilitoka Amsterdam. Fabian na mwenzake Vincent de Rooij, ambaye naye alikuwa ameandika tasnifu juu ya uchanganyaji wa Kiswahili na Kifaransa katika Shaba, walianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuweka katika mtandao matini za Kiswahili zilizokusanywa hapa: mazungumzo kamili na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya historia ya Zaire aliyoisimulia kwa picha, na pia historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani.

Msomaji asiyekuwa wa huku huenda asione uzito wa jambo hilo. Mimi niliyaona mazungumzo ya Tshibumba kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, katika duka la mtandao mjini, nikilipa kwa saa. Nilikuwa nimesoma juu yake. Sikuwa nimemsoma yeye. Kilichonishtua si historia bali "njo" na "sawa vile" na "alikuwaka", yaani maneno ya uani kwetu, yakiwa yameandikwa na kuhifadhiwa kwa heshima inayopewa matini yoyote ya kitaalamu. Basi faida ya kwanza ya kompyuta kwetu haikuwa wepesi wa kazi. Ilikuwa ni kurudishiwa. Kilichoondoka Luano kwa ndege kilirudi bila kuhitaji ndege.

Faida ya pili ni ile inayojulikana. Ile kazi ya kadi iliyochukua miezi, mwanafunzi leo anaimaliza mchana mmoja: anaandika "njo" katika kisanduku cha kutafutia, na mifano yote inajipanga. Kwa chuo ambacho vitabu vyake ni vichache, hiyo si faida ndogo.

Lakini hapo ndipo matatizo yanapoanzia, na matini ya Yav ndiyo kipimo chake kizuri. Yav aliandika kama alivyosikia. Mipaka ya maneno haifuati kanuni moja: kiambishi mara kinasimama peke yake, mara kinaungana na kitenzi, mara neno zima linaungana na jirani yake. Vituo navyo havieleweki kwa urahisi. Fabian, alipokuwa akiitayarisha kwa kitabu kilichotoka mwaka 1990, hakutegemea jicho. Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, ikarekodiwa, ndipo maana ikakaa sawa. Sasa fikiria mashine ikiisoma. Kwa kompyuta, neno ni herufi zilizo kati ya nafasi mbili. Ukitafuta "tulikuwaka", hutapata "tu likuwaka" wala "tuli kuwaka", na mashine itakujibu kwa adabu kwamba mifano ni michache. Mwanafunzi ataandika katika tasnifu yake kwamba umbo hilo ni adimu. Kumbe si adimu. Limeandikwa namna nyingine.

Programu zilizo erevu zaidi hazituokoi hapa. Mchambuzi wa Helsinki ana orodha ya mashina na kanuni za kuunganisha viambishi, na juu yake imejengwa hazina ya matini yenye maneno zaidi ya milioni 12. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila kanuni hizo ni za Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, kama ilivyoamuliwa mwaka 1928 huko Mombasa, na matini zake nyingi ni magazeti na vitabu vya pwani na bara la Tanzania. Programu iliyofundishwa kwamba wingi wa "mtoto" ni "watoto" haiwezi kujua la kufanya na "batoto" isipokuwa kuiweka kando. Zamani mwalimu aliyekwambia umekosea ulimjua, na uliweza kubishana naye. Mstari mwekundu chini ya neno hauna wa kubishana naye. (Makala haya yenyewe, msomaji ataona, yameandikwa kwa lugha ambayo mama yangu angeiita ya mapadri.)

Kisa kimoja kitaeleza zaidi. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa lisansi alikuwa akichunguza viambishi wa- na ba- kwa wazee wa Luano. Inajulikana kwamba msemaji wa mji huu huwa navyo vyote viwili, na hubadilisha kulingana na anayezungumza naye na jambo analolizungumzia. Alimrekodi kwa simu mzee mmoja aliyestaafu kazi ya migodini, akaandika kurasa nne kwa mkono, kisha akaona aendelee moja kwa moja kwenye kompyuta. Kazi ilikuwa nzuri. Mwishoni, mtu alimshauri kwamba tasnifu ya chuo kikuu haifai kuwa na "batoto" ndani yake. Aliiagiza mashine ibadilishe kila "ba" iwe "wa", kisha akahifadhi.

Sekunde moja ilitosha. "Batoto" wakawa "watoto", vyema. Lakini "baba" akawa "wawa", "habari" ikawa "hawari", na mji wetu ukaitwa "Lubumwashi". Hayo yalichekesha, nayo yalirekebishika. Yasiyorekebishika ni yale yaliyogeuka kuwa Kiswahili safi. "Mbali" ilikuwa imekuwa "mwali". "Kibanda" kilikuwa kimekuwa "kiwanda". Na kwa kuwa mzee alisimulia utoto wake katika vibanda na utu uzima wake kiwandani, palikuwa na sentensi ambazo hakuna aliyeweza kusema tena zilikuwa za upande gani. Kibaya zaidi, pale ambapo mzee mwenyewe alikuwa amesema wa-, na pale ambapo alisema ba-, sasa palifanana. Suala lililokuwa likichunguzwa lilifutwa na chombo cha kulichunguzia. Rekodi ilikuwa imefutwa katika simu ili kupata nafasi.

Kosa kama hilo halikuwezekana kwa kadi. Karani wa zamani angeweza kukosea mara kumi, ishirini, na makosa yake yangebaki yakionekana kama wino uliofutwa. Kompyuta hukosea mara elfu kwa mkupuo mmoja, na ukurasa hubaki safi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliousoma ukurasa huo, na sikugundua mpaka nilipofika kwenye "Lubumwashi".

Tulirudi kwa mzee pamoja. Alitupokea vizuri, akakubali kusimulia upya. Safari hii simu mbili ziliwekwa mezani. Lakini sasa alikuwa amekwisha kusikia tunachokitafuta, naye alikuwa amevaa koti. Kwa saa nzima alizungumza Kiswahili cha shuleni, polepole, akiwataja "watu" na "watoto" na "wazungu" bila kuteleza hata mara moja. Tulimshukuru, tukazizima simu. Alipotusindikiza hadi mlangoni aliona wajukuu wakichezea maji ya kisima, akawafokea kwa sauti kubwa, na kila walichoitwa kilianza na ba-. Tasnifu ilitetewa kwa kurasa nne za daftari.